Mpe Kwanza Tatizo, Jina la Elementi Litafuata

Nilipokuwa Senior Two, yaani mwaka wa pili wa sekondari, hapa Kasese, Uganda, mwalimu wetu wa kemia aliandika elementi ishirini za kwanza ubaoni akatuambia tuzikariri hadi Ijumaa. Nilipata zote ishirini, na baada ya wiki mbili nusu zilikuwa zimenitoka. Nilipouliza kwa nini sodiamu iandikwe Na, niliambiwa nikae chini. Miaka mingi nikaamini kemia ni ya wenye kumbukumbu kali, na mimi simo.

Siku hizi nafundisha watoto wa ndugu na majirani wakati wa likizo, na kuna jambo nawasihi wazazi na walimu wenzangu walijaribu. Kabla hujampa mtoto jina la elementi na alama yake, mpe tatizo lililomkwamisha aliyeigundua. Mwache naye akwame.

Likizo iliyopita binti wa kaka yangu aliniuliza, "Shangazi, hii K ya potasiamu imetoka wapi?" Sikumjibu. Nilimpeleka jikoni, tukachukua majivu ya maganda ya matoke, tukayamwagia maji na kuyachuja kwa kitambaa. Tukapata maji ya rangi ya chai nyepesi. Nikamwambia achovye ncha za vidole na kuzisugua.

"Yanateleza kama sabuni!"

"Humo ndani mna metali, mwanangu. Utaitoaje?"

Alipomaliza kunawa mikono akasema tuyachemshe. Maji yalikauka, ukabaki unga wa kijivu. Akasema tuuchome, kisha akanyamaza, maana majivu yenyewe yametoka motoni.

Wanakemia walikwama hapo hapo. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier, katika orodha yake ya elementi ya mwaka 1789, aliiacha nje potashi, yaani ule unga utokanao na majivu, kwa kushuku kuwa ni kampaundi, kitu kilichoundwa na elementi zaidi ya moja, ila hakuwa na njia ya kuivunja. Njia ilikuja na betri ya Volta mwaka 1800. Mwaka 1807, jijini London, mwanakemia Humphry Davy, kijana wa miaka 28, alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa majini. Akaambulia hidrojeni na oksijeni tu: yaliyovunjika ni maji. Ndipo akaachana na maji, akachukua potashi ngumu yenye unyevu kidogo tu, umeme wenyewe ukaiyeyusha, na vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka moto papo hapo. Siku chache baadaye akaipata na sodiamu.

Binti yangu alielewa jioni ile kwa nini metali kali kama hii haipatikani kwa kupitisha umeme katika mmumunyo wake, jambo ambalo mimi nililikariri bila kulielewa hadi mtihani wa Senior Four. Na ile K? Ni ya kaliumu, jina la Kilatini la potasiamu, lililotokana na Kiarabu al-qali, majivu ya mimea. Neno alkali limetoka huko huko. Hajaisahau tena.

Lakini hadithi isiwe kitumbuizo. Mwanzoni nilikuwa nasimulia mno, na watoto wakakumbuka kwamba Davy alicheza kwa furaha, wasikumbuke kwamba maji ndiyo yaliyomwangusha. Sasa kila kisa kinaishia kwenye kalamu: andika mlingano wa potasiamu na maji, usawazishe, nieleze gesi gani imetoka.

Msifuate mpangilio wa namba pia. Kuanza na hidrojeni, elementi namba moja, kunalifaa jedwali la elementi, hakumfai mtoto. Anzeni na kilicho karibu. Sisi huku tuna chumvi ya Katwe, na tuna shaba ya Kilembe, iliyoleta reli hadi Kasese mwaka 1956. Kila mtoto wa hapa amesikia habari za mgodi ule. Mwambie basi kwamba Cu, alama ya shaba, ni kuprumu, jina linalotokana na kisiwa cha Kupro walikochimba shaba watu wa kale.

Jedwali lenyewe mimi huliweka kando hadi mtoto azijue elementi kama kumi hivi kwa tabia zake, ndipo aone kwa nini Mendeleev, Mrusi aliyelipanga jedwali hilo, mwaka 1869, alithubutu kuacha nafasi wazi za elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliipata mojawapo, galiamu, akaipima uzito kwa kila sentimita ya ujazo: gramu 4.7. Mendeleev, asiyeishika kamwe mkononi, akasema iwe karibu 5.9.

Hapo nilikata kisa, nikamwambia binti yangu akalale. Asubuhi, chai haijachemka, akaja jikoni.

"Shangazi, yule Mfaransa alipima kitu kichafu. Aisafishe kwanza, halafu apime tena."

Ndivyo Lecoq alivyofanya, akapata 5.9. Na mimi sikuwa nimemtajia usafi hata kidogo.