Re: Rafiki wa sekondari anakuja Dar wikiendi, nimpeleke kasino siku zote?

Mkuu, siku zote hapana. Mpeleke Ijumaa usiku tu, na mkubaliane kabla ya kutoka kila mtu anaingia na shilingi ngapi. Kadi ya benki ibaki nyumbani. Kwenye ruleti, ule mchezo wa kigololi kinachozunguka kwenye gurudumu la namba, angalieni gurudumu kwanza: lenye sifuri moja lina namba 37, lenye sifuri mbili lina 38, ila ukipatia namba malipo ni yale yale, 35 kwa moja, yaani faida ya shilingi 35 kwa kila shilingi uliyoweka. Hilo la pili linawala haraka zaidi, liacheni.

Jumamosi ndiyo siku yenu hasa. Asubuhi nendeni Kunduchi, mpande boti kwenda kisiwa cha Mbudya, mle samaki wa kuchoma mmekaa mchangani. Watu waliopoteana miaka mingi wana mengi ya kusimuliana, na kwenye meza ya kamari hakuna anayemsikiliza mwenzake. Macho yote yako kwenye kigololi. Jioni Coco Beach, mihogo na pilipili, mpige stori mpaka mchoke. Ila mwenye boti mkubaliane naye saa ya kuwafuata kabla hajageuza.