Meza ya watu wanane, mfuko mdogo

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumbani tuko wanane na meza yetu ya watu wanne imeshaanza kucheza, ukiweka kiwiko tu vikombe vinagongana. Zile kubwa za dukani bei yake siiwezi na nyingi ni chipibodi iliyobandikwa karatasi. Nina msumeno, drili, randa ya mkono, na mbao za paa kuukuu nilizoachiwa na jamaa aliyebomoa nyumba. Nasikia meza za kujitengenezea zinapasuka katikati, kweli? – Baba wa sita

JIBU: Marahaba baba wa sita. Zinapasuka kweli, ila mara nyingi tatizo sio mbao, ni zilivyofungwa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, kwa urefu wala huoni kitu, sasa meza ya upana wa sentimita 95 inaweza kwenda na kurudi milimita kadhaa kwa mwaka alafu wewe umeipiga gundi na misumari kila upande, itaacha kupasuka? Funga papi (vijiti vyembamba vya mbao) kwa ndani ya fremu ya chini inayobeba meza, toboa hapo matundu ya skrubu zinazopanda kushika mbao za juu ila yawe marefu kidogo kufuata upana wa meza (toboa mawili yaliyogusana uyaunganishe), weka washa (kile kibati cha duara chenye tundu), kaza ishike basi, usiiue. Tundu la katikati kwenye papi za pande mbili fupi za fremu ndo linabaki duara, ili meza isihame. Gundi ni ya kuunganisha ubao na ubao wa juu, kati ya juu na fremu hata tone usitie. Huna klampu ya kubana mbao? Zungusha kamba, ingiza kijiti, sokota mpaka gundi ichungulie.

Vipimo: kila mtu sentimita 60, watatu huku watatu kule na mmoja kila kichwa, kwahiyo urefu 200 unawatosha, kimo 75. Fremu isizidi kina cha 10 la sivyo magoti yatalalamika.

Pesa uliyonayo ipeleke kwenye miguu, juu hata mbao za kawaida zinafaa. Kama hizo za paa ni sentimita 5 kwa 10, bandika mbili mbili upate mguu wa 10 kwa 10, huo hata watoto wakipanda mezani (na watapanda) hautikisiki. Ulimi na tundu (ncha ya ubao inayochongwa iingie kwenye tundu la mguu) ndo kiungo bora ila kama patasi hujaizoea, weka kipande cha mshazari kila kona na bolti inayoingia mguuni. Ikianza kucheza unakaza nati, siku ya kuhama unafungua miguu meza inapita mlangoni.

Hizo mbao zikague kwanza. Zenye rangi ya kijani kijani au harufu ya dawa usizitumie kwenye meza ya chakula, na usizipige msasa ukavuta vumbi lake, dawa nyingine za zamani zina arseniki. Zilizo salama pitisha sumaku utoe misumari yote kabla haijala jino la randa, kisha ziache ndani wiki kadhaa zizoee hewa ya nyumba.

Msasa namba 80, 120, 180, vanishi mara tatu nyembamba nyembamba. Na chini ya meza paka pia, najua hapaonekani, ila upande mmoja ukibaki bila vanishi ndo unanywa unyevu peke yake na meza inapinda.