Kutu ya Bodi: Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

SWALI: Gari langu lina umri wa zaidi ya miaka 20. Juu ya gurudumu la nyuma rangi ilifura malengelenge, nami nikakwangua, nikapaka puti na kumalizia kwa rangi ya kopo la kupuliza. Kazi ilipendeza, lakini baada ya msimu mmoja wa mvua malengelenge yamerudi palepale, tena mengi kuliko ya mwanzo. Nilikosea wapi, na je, naweza kuirudia kazi hii nyumbani ilhali sina mashine ya kuchomelea?

JIBU: Inaelekea ulitibu upande ambao si chanzo cha ugonjwa. Gurudumu hurusha matope ndani ya madigadi, na matope hayo hukwama kwenye ukingo ambako bati la nje na la ndani hukutana na kukunjwa pamoja. Hapo hubaki na unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na kama maji hayo yana chumvi, iwe ya baharini au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kasi ya kutu huongezeka sana. Bati basi huliwa kutoka nyuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo husukuma rangi ifure, na mara nyingi lengelenge linapoonekana nje, bati lililo chini yake limekwisha kutoboka au limebaki jembamba mno. Puti ya kawaida, ambayo ni ya poliesta, hunyonya maji. Ukiipaka juu ya tundu lililo wazi kwa nyuma, inavuta unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma kilichosalia, na hivyo inaharakisha kile ulichotaka kukizuia.

Kabla ya kununua kitu chochote, lala chini utazame nyuma ya madigadi ukiwa na tochi na bisibisi butu. Toa matope yote, osha, acha pakauke, kisha bonyeza kwa ncha ya bisibisi kuanzia penye bati zima kuelekea penye ubovu. Chuma kizima hukataa na kutoa mlio mkavu. Kilicholiwa hubonyea, au hubanduka kwa tabaka za kahawia kama kurasa za kitabu kilicholowa maji. Weka alama ya chaki pale ambapo bati linaanza kukataa, kwa sababu huo ndio mpaka halisi wa kazi yako, na aghalabu huwa mbali kuliko ulivyodhani.

Ondoa rangi na kutu hadi chuma king'ae, upite mpaka huo kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Ukitumia grainda, usiishikilie mahali pamoja, kwa kuwa bati la nje la gari huwa na unene wa takriban milimita 0.8 tu, na joto hulipinda upesi. Jihadhari pia na brashi ya waya, ambayo huisugua kutu iliyojificha kwenye vishimo hadi ikang'aa kama chuma. Tazama kwa karibu: ukiona vidoa vyeusi au vya kahawia ndani ya vishimo, bado hujamaliza. Hapo ndipo dawa ya kugeuza kutu inapofaa. Nyingi kati ya dawa hizo zina asidi ya fosfori au asidi ya tanini, ambazo huibadili kutu kuwa kitu kigumu chenye rangi nyeusi au ya kijivu. Dawa hizi hufanya kazi kwenye masalio membamba yaliyoshika chuma imara. Kutu nene inayobanduka haziwezi, hata tangazo la kopo liseme nini. Soma pia maelekezo ya kuondoa mabaki yake, maana praima nyingi za epoksi, yaani rangi za kwanza za kushikia chuma zilizotengenezwa kwa gundi ngumu ya epoksi, hazishiki vizuri juu ya asidi iliyobaki.

Sasa swali lako la kuchomelea. Ikiwa bati limebaki zima, lenye vishimo visivyotoboka, huhitaji mashine. Ikiwa yapo matundu, hata yale ya ukubwa wa ncha ya sindano, hesabu sehemu yote kuwa imetoboka na uikate hadi kwenye chuma kizima. Kiraka cha bati kilichochomelewa ndicho bora. Hata hivyo, kwa bati la nje lisilobeba uzito, unaweza kubandika kiraka kwa gundi ya epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za magari, kikipita ukingo wa tundu kwa nyuma kwa sentimita 2 hivi, huku pande zote mbili zikiwa safi na zimekwaruzwa kwa msasa mkali. Kitambaa cha nyuzi za kioo nacho huziba tundu, ila mimi hukihesabu kuwa ni kusogeza tatizo mbele, na anayekichagua akichague akilijua hilo.

Chuma kikishakuwa wazi usikiache kilale hivyo, kwani penye hewa yenye unyevu kutu mpya huanza katika muda wa saa chache. Kifute kwa kiyeyusho cha kuondoa mafuta, kisha upake praima ya epoksi, ambayo hufunga maji nje, tofauti na praima nyingi za kawaida zinazoyapitisha. Puti ije juu ya praima hiyo iliyokauka na kukwaruzwa kidogo kwa msasa, mradi maelekezo ya bidhaa zote mbili yanaruhusu. Kigandishi cha puti, yaani dawa ya kuikausha, kwa kawaida ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti, na mchanganyiko uwe wa rangi moja usio na michirizi. Ukizidisha kigandishi ili ikauke haraka, unaweza kuona baadaye doa likichomoza juu ya rangi mpya. Paka tabaka jembamba, na jumla isizidi milimita 3. Pakihitaji zaidi ya hapo, bati lenyewe ndilo linalopaswa kunyooshwa kwanza. Piga msasa mkavu wa namba 80, kisha 180, kisha 320. Usiloweshe puti ikiwa wazi, hata kama umezoea kupiga msasa wa maji, kwa sababu utayafungia maji hayo chini ya rangi. Baada ya hapo ni praima tena na rangi kwa tabaka nyembamba. Upande wa nyuma, ule usioonekana, upate praima na rangi kwa uangalifu uleule.

Vaa miwani na barakoa ya kuchuja vumbi wakati wote wa kukwangua, hasa kwa kuwa rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi. Rangi za viwandani zinazochanganywa na kigandishi chenye kemikali za isosianati usizipulize nyumbani. Zina madhara makubwa kwa mapafu na zinahitaji chumba na vifaa vyake.

SWALI: Nilipoweka jeki chini ya mlango, ilizama ndani ya kizingiti. Fundi anasema ataziba kwa nyuzi za kioo na puti. Nikubali?

JIBU: Hapana. Katika magari mengi yasiyo na chasisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma iliyo kando na bodi, kizingiti hicho ni mfupa unaobeba uzito wa gari na kuwakinga abiria gari linapogongwa ubavuni. Puti haina nguvu hiyo, na mbaya zaidi itauficha ubovu kwa yeyote atakayelikagua gari baadaye. Hali ni ileile kwenye viungio vya mikanda ya usalama, mahali zinaposhikwa springi, na chasisi yenyewe. Sehemu hizi hukatwa na kuchomelewa bati jipya lenye unene unaostahili, tena na mtu aliyefunzwa. Kazi hiyo huanza kwa kutenganisha betri, kung'oa zulia na kujua tangi na mabomba ya mafuta yamepita wapi. Hadi itakapokamilika, usilinyanyue gari kwa sehemu hiyo.

SWALI: Je, nikipaka lami chini ya gari lote, kutu itakoma?

JIBU: Juu ya chuma safi na kikavu, lami husaidia kwa muda. Juu ya kutu huwa ni mfuniko tu. Ikizeeka hukauka na kupasuka, maji hupenya kati yake na bati, na hutaona kinachoendelea hadi kipande kizima kidondoke. Mimi naipendelea nta maalumu ya kuzuia kutu, ambayo hubaki laini na hupulizwa kwa mpira mrefu ndani ya milango, vizingiti na mifuko mingine ya bodi, mahali pasipofikika kwa brashi. Ipulize baada ya uchomeleaji na rangi kukamilika, kwa kuwa inashika moto na rangi haishiki juu yake. Kabla ya kuipuliza, zibua kwa waya matundu madogo yaliyo chini ya milango na vizingiti, ambayo yametobolewa makusudi ili maji yatoke, na nta ikishatulia yapitie tena kwa waya uleule.