Saini inayodai

Swali lenu la wiki hii, "Je, saini ya mwandishi inaongeza thamani ya kitabu?", nimelisoma kwenye daladala ya Kiboriloni na nikashuka bado nabishana nalo. Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Kitabu ni maneno yaliyomo, saini ni wino wa sekunde tatu. Mwenye shida ya saini aende kwa mwenyekiti wa mtaa, atapigiwa na mhuri juu.

Ila mimi kinachonikera si saini. Ni nani anakilipia hicho kitabu, na kinapatikana wapi. Maduka yetu ya vitabu hapa Moshi mnayajua: Biblia na vitabu vya nyimbo upande huu, madaftari na rimu za karatasi upande ule, riwaya za Kiswahili rafu ya chini kabisa, jirani na gundi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya Fasihi nilizunguka kuanzia Mnara wa Saa hadi stendi nikitafuta kitabu chake chochote. Kila nilikoingia niliambiwa nijaribu Dar.

Kwenye hafla ya kusaini vitabu nimehudhuria mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwandishi alikuja kula Krismasi kwao Marangu, mwenye duka akamwomba akae mezani asubuhi moja kabla hajarudi Dar. Wazo zuri, siku mbaya. Duka lilijaa wazazi na orodha zao. Mama aliyenitangulia alidhani foleni yetu ni ya madaftari, na alipofika mezani akamkabidhi mwandishi karatasi: "Kauntabuku za kwaya tatu nipe sita. Na rimu moja." Mwandishi akaisoma orodha mpaka mwisho, akainuka, akaenda kumwita kijana wa dukani. Hakucheka. Hapo hapo nikampenda.

Zamu yangu ikafika. "Shikamoo mwalimu." Sijui alijuaje, labda chaki haitoki. Nikaitikia, nikaomba nakala moja, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta shilingi 12,000. Pochi ikatoka na ile kopi.

Niwaeleze hiyo kopi. Miaka sita kabla ya siku hiyo nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Riwaya yake haikuwemo kwenye vitabu teule, lakini niliipenda, na nakala niliyokuwa nayo ilikuwa moja, tena ya kuazima. Nikaenda steshenari. Kurasa 212, mbili kwa kila karatasi, karatasi 106 kwa shilingi 50, jumla 5,300, na kubana kwa plastiki 2,000. Nikatengeneza nakala tisa, wanafunzi watano kwa kila moja. Shilingi 65,700 za mshahara wangu! Nilijiona mzalendo. Haikunijia hata siku moja kwamba katika fedha yote hiyo mwenye kitabu hakuona hata senti.

Sasa mwandishi ameishika kopi hiyo mkononi. Nikaanza kueleza habari za bajeti ya shule. Hakunisikiliza, alikuwa anafunua. Ukurasa wa 88 kijana wa steshenari aliulaza upande, mistari ikakatwa pembeni.

"Hapa mlisomaje?"

"Tulikisia."

Akaendelea, akakuta mwandiko wa penseli pembeni: *Huyu baba mwongo kama anko wangu.* Alicheka hadi waliokuwa kwenye Biblia wakageuka. Kisha akauliza tulikuwa wangapi, nakala ngapi. Nikasema arobaini na watano, nakala tisa. Akaniambia kwa upole kwamba yeye kwa kila kitabu hupata asilimia 10. Hesabu nikaimalizia mwenyewe nimesimama pale: 10,800. Marahaba nilikuwa nimempa, mrabaha sikumpa.

Nilidhani ataichana. Akainama, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kopi: *Kwa Kidato cha Tatu B. Mnadaiwa.* Akasaini, akaweka tarehe, na chini namba yake ya simu.

Ile nakala halali niliyonunua aliiandikia "kwa upendo". Nilimwazima mwenzangu wa kwaya (hii ni kwaya ya kuimba), haijarudi, wala sijaidai sana.

Najua yupo atakayenisomea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na atakuwa na haki. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwasema wachapishaji wasiotufikia huku, na bado nawasema, lakini si kwa sauti ile ya mwanzo. Kitabu kilikuwepo Arusha, nauli ya Kosta tu. Sikwenda. Steshenari ilikuwa karibu.

Basi jibu langu linabaki hapana, saini haiongezi kitu, labda iwe ya kukudai. Kopi ile iko kabatini na siiazimi mtu. Mwaka jana niliipiga picha nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wale, namba nimeifunika kwa kidole. Wengi wakatuma vicheko. Mmoja, anauza spea Majengo, akaandika: "Mwalimu, nitumie namba yake nilipe fungu langu." Sijamtumia. Ataniuliza kama mimi nimeshalipa.

Mwalimu mstaafu, Moshi