Ukitaka kujifunza kazi ya kuwasaidia vijana, mtafute kwanza wa kukufunza

Vijana wenzangu hapa Busia, upande wa Uganda, huniuliza niliingiaje kwenye kazi hii ya kuwasaidia vijana, na mara nyingi wanataka kujua ni shirika gani linachukua watu. Mimi nawaambia waulize kwanza nani atawafunza. Nilipomaliza sekondari nilipokelewa kuwa mwanagenzi katika kituo cha vijana karibu na mpaka, na kilichonifanya niijue kazi si jina la kituo. Ni msimamizi wangu, dada mmoja ambaye jioni, kabla hatujaachana, alinikalisha chini na kuniuliza: leo umemsikiliza nani, na amesema nini?

Kazi hii si ualimu, wala si kugawa misaada. Unawafuata vijana walipo: kwenye stendi ya boda, uwanjani, kando ya malori yanayongoja kuvuka, kule Tiira kwenye machimbo ya dhahabu. Unakaa nao hadi wakuzoee, kisha unawasaidia kujua waende wapi na waseme na nani. Wengi tunaokutana nao waliacha masomo shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa zote Januari 2022, baadhi ya wasichana walikuwa wananyonyesha, na baadhi ya wavulana walikuwa wamezoea pesa ya kuvusha mizigo kwa njia za panya. Mtu wa namna hiyo humrudishi darasani kwa hotuba.

Kwa hiyo, ukianza, nyamaza utazame. Mimi nilibeba mipira, nikaandika majina, nikapanga viti, na muda wote nilikuwa naangalia jinsi dada anavyowasalimu watu. Hakumuuliza kijana kwa nini ameacha shule. Alimuuliza anashughulika na nini siku hizi, kazi inakwendaje, mama hajambo? Habari ya shule ililetwa na kijana mwenyewe, baada ya wiki kadhaa, bila kusukumwa. Hili hulipati kwenye semina ya siku mbili hotelini.

La pesa linahitaji uangalifu mkubwa. Ukifika kijijini na daftari, watu wanadhani umeleta fedha za serikali. Mpango wa kuwainua vijana kiuchumi ulioanza mwaka wa fedha 2013/14 uliwakopesha vijana wa miaka 18 hadi 30 kupitia vikundi, na mkopo ulitakiwa urudishwe ili wengine nao wakope. Kuna walioupokea kama zawadi, na vikundi vikavunjika kwa ugomvi. Tangu 2022 kuna Mpango wa Maendeleo wa Parishi (parishi ya serikali, ngazi iliyo juu ya kijiji, si ya kanisa), na huo nao ni mkopo. Jifunze masharti yake kwa afisa wa parishi yako, uyaeleze kama yalivyo, na usimwahidi mtu kwamba jina lake litapita. Kijana wa miaka 16 mwambie wazi kwamba hajafikia umri, halafu mtafutie fundi wa gereji au wa cherehani atakayempokea. Ufundi uliojifunziwa kazini una thamani: Uganda ina utaratibu wa kumpima fundi ambaye hakusomea chuoni na kumpa cheti.

Sasa nije kwenye jambo linalonikaa moyoni kuliko yote. Siku moja msichana atakuja kwako, aketi, aseme: nataka kukuambia kitu, lakini uniapie hutamwambia mtu. Usiape. Dada alinifunza maneno haya, nami bado nayatumia: "Nitakusikiliza, na sitatangaza habari zako. Lakini kama kuna mtu anayekuumiza, nitalazimika kutafuta wa kutusaidia, na nitakueleza kabla sijaenda." Mtoto wa miaka 15 aliyepewa mimba na mtu mzima amefanyiwa kosa la jinai, hata kama familia mbili zimekaa chini ya mti zikakubaliana mbuzi na pesa. Hapa mpakani mhusika anaweza kuvuka upande wa Kenya usiku uleule, kwa hiyo kuchelewa kunamlinda yeye. Jua mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya iko wapi, dawati la polisi la watoto na familia liko wapi, na kwamba namba 116 ya Sauti, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure. Umjulishe msichana pia kwamba akishajifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Wengi hawajaambiwa hivyo na mtu yeyote, na nimewaona wakikaa wima ghafla wanapolisikia.

Baada ya habari za namna hiyo wewe mwenyewe utahitaji mtu wa kuzungumza naye. Ndiyo maana nasisitiza msimamizi. Mwanagenzi anayetumwa peke yake vijijini, akapokea mambo mazito na kurudi nayo nyumbani kulala, ataacha kazi au ataota sugu moyoni. Sikubaliani hata kidogo na vituo vinavyochukua vijana wa kujitolea ili kujaza fomu tu.

Kabla hujakubali nafasi, uliza bila aibu. Nani atanisimamia, na tutakaa pamoja mara ngapi? Nauli ya boda nani atalipa? Mnao utaratibu wa kuwalinda watoto ulioandikwa, na naweza kuusoma leo? Uanagenzi huu unaisha lini? Wakikwepa swali la kwanza au la tatu, endelea kutafuta, hata kama wana gari jipya. Wakijibu vizuri, omba mapatano yaandikwe kwenye barua, na kila mwezi andika kazi ulizofanya, bila majina ya vijana, msimamizi atie sahihi. Karatasi hizo ndizo nilizopeleka nilipoomba kazi yangu ya kwanza ya mshahara, na ndizo walizozisoma kabla ya vyeti vyangu vya shule.