Chomoeni waya kwanza: swali kuhusu kuanzisha kampuni ya hifadhidata

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Tuko vijana watatu hapa Dar es Salaam. Tumeandika programu inayonakili hifadhidata kati ya seva mbili, moja Dar na nyingine Mwanza. Ya Dar ikizimika, ya Mwanza inashika kazi yenyewe. SACCOS moja imeipenda, sasa tunataka kusajili kampuni na kutafuta mwekezaji. Je, kitaalamu tumekamilika? Na tuuze vipi?

Jibu: Hongereni, wadogo zangu, kupata mteja kabla ya kampuni si jambo dogo. Lakini kabla ya mwekezaji, fanyeni jaribio hili. Msizime seva yoyote. Chomoeni tu waya unaoziunganisha, kisha ingizeni miamala pande zote mbili.

Nawaambia kabisa mtakachokiona. Mwanza haiisikii Dar, itadhani mwenzake amekufa na itajitangaza kiongozi. Dar nayo iko hai, inaendelea kulipa. Mwanachama mwenye akiba ya 200,000 atatoa 150,000 Mwanza, na mkewe mwenye kadi atatoa 150,000 nyingine Kariakoo. Fahali wawili zizi moja.

Nimewahi kulipitia hili kazini. Tulikesha na mhasibu tukilinganisha miamala kwenye karatasi zilizochapwa, yeye na kalamu nyekundu, mimi na rula. Usiku wa pili akanyanyua kichwa, akauliza, "Sasa ipi ndiyo ya kweli?" Nikakosa la kusema, maana zote zilikuwa za kweli. Na wakubwa pia yamewakuta: Oktoba 2018, GitHub, mtandao ambako waandishi wa programu hutunza kazi zao, walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao vya Marekani kwa sekunde 43 tu, kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwingine hana. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Dawa yake mnaijua kutoka vikaoni: akidi. Muamala uhesabiwe umepita pale tu wengi wa wajumbe wameuandika. Kwa seva mbili, wengi ni wawili, kwa hiyo mmoja akianguka kikao kimevunjika. Kwa tatu, mnavumilia kuanguka kwa mmoja. Nne hazisaidii kitu kuliko tatu, kwa kuwa akidi inapanda kuwa tatu. Tano ndizo zinazovumilia wawili.

Seva ya tatu si lazima iwe kubwa. Inaweza kuwa shahidi anayepiga kura na kuandika orodha ya miamala tu, bila kutunza hifadhidata nzima. Muhimu ni iwe wapi. Ukiiweka jengo moja na ile ya Dar, umeme wa jengo hilo ukikatika umebaki na Mwanza peke yake. Ukiipeleka ng'ambo, unaitegemea bahari: Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Mimi ningeiweka Dodoma. Umbali usiwatishe, kilomita 1,000 za nyaya ni kama milisekunde 10 kwenda na kurudi, na keshia hawezi kuziona.

Kanuni ya kura msiitunge wenyewe, tafadhali. Ipo tayari inayoitwa Raft, ya watafiti Ongaro na Ousterhout, iliyotoka 2014 ikiwa imebuniwa makusudi ieleweke kirahisi kuliko Paxos, kanuni ya kura iliyoitangulia, na maktaba zake za programu zilizokomaa zipo. Cockroach Labs, kampuni ya hifadhidata iliyoanzishwa 2015 na watu watatu waliowahi kufanya kazi Google, nayo ilijenga juu ya Raft. Jasho lenu liende kwenye kuvunja: ueni seva katikati ya muamala, rudisheni saa nyuma, jazeni diski. Waliojenga FoundationDB, hifadhidata nyingine ya seva nyingi, walianza na kiigizo, yaani programu inayoigiza mtandao mbovu, kabla ya hifadhidata yenyewe.

Kuhusu kuuza: msiuze hifadhidata. Kampuni ya hifadhidata ya RethinkDB ilianza 2009, waandishi wa programu wakaipenda kwelikweli, na 2016 kampuni ikafungwa. Kupendwa na mafundi hakulipi mishahara. Meneja wa SACCOS haamki asubuhi akitafuta hifadhidata. Anataka dirisha la Mwanza lisifungwe siku Dar ikiwa gizani. Uzeni hilo, kwa bei ya tawi kwa mwezi. Leseni ya programu yenu tutaongea mkishapata wateja kumi.

Ila mwambieni meneja ukweli mmoja kabla hajasaini. Kwa akidi, tawi lililokatika na wenzake litakataa kulipa hata kama pesa ziko kwenye droo. Mpelekeni kaunta, chomoeni waya mbele yake, aone keshia anavyokwama. Kisha mwonyesheni programu yenu ya sasa inavyolipa mara mbili. Atakachochagua hapo kiandikeni kwenye mkataba, kwa Kiswahili, pamoja na kikomo cha dakika za huduma kusimama mnachoahidi.