Muulize Fundi: Redio niliyounga mwenyewe inashika matangazo, Morse hakuna

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tabora, niliagiza ile seti ndogo ya redio ya kupokea na kurusha Morse (zile alama za nukta na mistari) ya mawimbi ya meta 40, yenye kristali ya megahezi 7.023 na transista mbili tu, nikaiunga mwenyewe kwa siku mbili. Nikiwasha inavuma shhh kwenye hedifoni, usiku nasikia mtu anasoma habari kwa Kiarabu, lakini Morse sijasikia hata mara moja. Vikapasita vya rangi ya udongo vilikuwa vinafanana sana, niliunga usiku kwa taa ya simu. IC (chipu) ya sauti nimebadilisha bado vilevile. Natumia chaja ya 12V na waya wa meta 4 nimeuning'iniza dirishani. Nimeunguza nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuunga mwenyewe. Sidhani kama umeunguza kitu, na tafadhali acha kwanza kung'oa vipuri, kila ukichomoa na kurudisha zile njia za shaba kwenye bodi zinabanduka na hapo ndio unaanza kupata ubovu ambao haukuwepo.

IC ya sauti, ile LM386, haikuwa na kosa. Ukisikia shhh na mtangazaji maana yake sauti inapita. Siku nyingine ukiishuku pima mguu wa 5, uwe na karibu nusu ya umeme unaoingia, yaani ukiwa na 9V usome kama 4.5.

Sasa huyo msoma habari ndiye anayenipa mwanga. Matangazo yanaanzia megahezi 7.200 kwenda juu, ni stesheni zenye nguvu kubwa sana na jua likizama zinafika mbali, kwa hiyo zinajipenyeza kwenye redio rahisi kama hii hata ikiwa nzima. Ila Morse ni mawimbi matupu yasiyo na sauti ndani yake, ili uyasikie lazima osileta ya redio yako mwenyewe, yaani ile sehemu inayotengeneza wimbi, itoe wimbi lake pale 7.023, mawili yakikutana ndio unapata ule mluzi wa pii pii. Osileta ikiwa imekufa utabaki na mtangazaji tu. Ndivyo ulivyo wewe, nahisi hivyo.

Kuhakikisha huhitaji kifaa cha bei. Chukua redio ya nyumbani yenye SW (masafa mafupi), iweke karibu kabisa na bodi, tafuta usawa wa megahezi 7 pale pasipo na stesheni, halafu sogeza sindano polepole sana huku unawasha na kuzima seti yako. Osileta ikiwa hai kuna sehemu utakuta ile shhh ya redio inanyamaza ukiwasha na inarudi ukizima. Rudia mara kadhaa maana sindano za redio hizi hazisomi sawasawa.

Isiponyamaza, nenda kwenye vikapasita ulivyounga kwa taa ya simu, ukiwa na lenzi na mwanga wa mchana. Kilichoandikwa 101 ni pikofaradi 100, kilichoandikwa 104 ni nanofaradi 100, umekosea tarakimu moja lakini thamani imezidi mara 1000, na osileta haiwezi kuimba hapo. Nimeona kosa hili mara nyingi kuliko transista kuungua. Baada ya hapo soma maandishi ya transista, 9018 ni ya osileta na 8050 ni ya mwisho, ile inayopeleka nguvu kwenye antena, umbo lao moja kabisa. Halafu zile koili za kijani zenye mistari ya rangi, watu wanazidhania resista. Lehemu iliyofifia au iliyojikunja kama tone iguse tena na pasi ya kulehemu, sekunde 2 zinatosha.

Chaja weka pembeni, inaleta kelele nyingi. Tumia batri, hata ya bodaboda. Na waya wa meta 4 unakunyima haki yako: dipoli (antena ya waya yenye pande mbili sawa) ya masafa haya ni kama meta 20 na sentimita 36, yaani kila upande meta 10 na sentimita 18, ukiipandisha kwenye mwembe utashangaa.

Kitufe cha kurushia Morse usikibonyeze bila mzigo, yaani bila kitu cha kupokea nguvu pale pa antena, transista ya mwisho inaweza kufa kweli. Chukua resista 2 za ohm 100 za nusu wati uziunge sambamba upate ohm 50, hapo jaribu utakavyo. Kurusha kwa antena subiri leseni, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio wanatoa.

Ukimaliza niandikie namba ulizosoma kwenye kila kikapasita, na volti za miguu mitatu ya kila transista, nitakwambia pa kugusa.